Mabango ya Paris yaliyobandikwa kwenye ghala la mpunga Ubaruku: nilivyoyapata mpaka yakatundikwa Mbeya, miaka ya 50

Wakuu, salaam kwenu. Ningesema shikamooni, ila kwa umri wangu sidhani kama humu ndani nimebakiza mtu wa kumwamkia.

Mimi ni mzee. Naandika kwa kidole kimoja kwenye tablet, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono hii. Pale nilipokwisha kusahau nitasema nimesahau, sitajaza.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni jamaa mmoja aliyeuliza humu kama mabango ya zamani yana maana yoyote. Akachekwa kweli kweli. Wakamwambia akawashie mkaa.

Mimi nakusanya mabango tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Siyo ya sinema wala ya sabuni. Ni mabango ya maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Ulaya, wale waliochipuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Na nilianzia Iringa, wakati nchi bado inaitwa Tanganyika.

Tuanze.

Kwetu ni milimani juu ya Mbeya, njia ya kwenda Chunya. Sisi ni Wasafwa. Baba alikuwa na shamba la pareto na viazi, na alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikapata Kiingereza cha kuandikia barua. Kisha nikaenda Iringa kutafuta kazi, nikaipata kwa fundi mmoja wa fremu.

Fundi huyo aliitwa Mzee Athumani. Babu zake walitoka pwani, Bagamoyo, lakini yeye alizaliwa hapo hapo Iringa na Kihehe alikijua kuliko Wahehe wengine. Kazi yetu ilikuwa kuweka fremu na vioo. Aya za Kurani, picha za Yesu mchungaji, picha za harusi, vyeti vya makarani. Ndizo picha nilizozijua duniani.

Siku moja akaja mteja, mama wa Kigiriki. Mumewe alikuwa na shamba la tumbaku nje ya mji. Nitamwita Madam Eleni. Alikuwa na bomba la karatasi ngumu, akachomoa mabango matatu na kuyatandaza mezani.

Wakuu, sijui niwaelezeje.

Moja lilikuwa na umbo la buluu kama jani, lakini siyo jani. Limekaa kwenye karatasi nyeupe kama limedondoka lenyewe. Chini kuna maandishi ya Kifaransa. La pili ni mistari mieusi minene, utadhani mtu amechovya fagio kwenye lami akapiga mara nne. La tatu silikumbuki.

Mzee Athumani aliuliza kwa heshima kama ni kazi za watoto wa Madam. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya lile jani la buluu, pua karibu iguse karatasi.

Madam aliona. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani. Kwamba haya ni matangazo. Msanii akiwa na maonyesho Paris, bango linabandikwa mitaani ili watu waende. Na mengi anayachora msanii mwenyewe, juu ya jiwe. Ndiyo, jiwe. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi inapita juu ya mawe hayo moja moja mpaka picha inakamilika. Dada yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa namna hiyo, ndiye aliyemtumia.

Akaongeza kitu ambacho sijakisahau. Alisema watu wa kule wakati wa vita walikaa miaka kwenye kijivu, taa zimezimwa, nguo za kijivu, mkate wa kijivu. Vita ilipokwisha wakawa na njaa ya rangi.

Nilizitengenezea fremu picha zile. Alipokuja kuchukua, alikuta la mistari mieusi lina kona iliyochanika tangu safarini, akaona halifai ukutani kwake. Akanipa.

Hilo ndilo bango langu la kwanza. Ninalo mpaka leo na kona yake iliyochanika.

Baada ya hapo nikawa mtumwa. Kila Madam akija namuuliza. Alinipa mengine matatu kwa muda wa kama mwaka mmoja hivi. Nikayatundika chumbani nilikopanga, majirani wakawa wanachungulia na kuondoka wakitikisa kichwa. Mmoja alinishauri nimwone mganga.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo uzi ulipo.

Chini ya kila bango kulikuwa na jina la nyumba ya maonyesho na anwani yake. Mtaa na namba. Nilikuwa nimeyasoma maandishi yale mara mia, siku moja ndiyo akili ikafunguka: hii ni anwani. Na anwani inaandikiwa barua.

Nikaandika kwa Kiingereza. Madam Eleni akanisahihishia, akaniambia nisitegemee jibu. Nakumbuka sentensi mbili tu za barua ile, niliandika hivi: "Mimi ni fundi wa fremu, Iringa, Tanganyika. Mbao ninazo, picha sina."

Nikaomba kama wana mabango yaliyobaki baada ya maonyesho, hasa moja jekundu ambalo nililiona dogo kwenye gazeti alilopewa Madam. Nikaweka sanduku la posta la Mzee Athumani. Nikatuma.

Miezi ikapita. Kimya.

Katikati ya kimya hicho Baba akaniita nyumbani. Masika yalikuwa yameanza. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, mdogo wangu Anyosisye alikuwa bado anasoma. Tulikaa jikoni, Mama anamenya viazi, Baba akasema yake kwa Kisafwa, polepole, kama anasoma Maandiko.

Alikuwa amesikia habari za makaratasi. Mtu wa kwetu aliyepita Iringa alimwambia kwamba mwanawe anafuga picha za wehu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba mtu hawezi kuacha udongo wa baba yake kwa ajili ya kitu ambacho hawezi hata kumweleza baba yake ni nini. Nikae mpaka pareto ivunwe. Kama mpaka hapo sijaweza kumweleza, fremu basi, nirudi shambani moja kwa moja.

Wakuu, nilijaribu kumweleza pale pale. Nilishindwa. Nilisema "ni rangi tu, Baba." Akaitikia "eh," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nikiwa huko huko, barua ya Mzee Athumani ikafika kupitia misheni. Fupi. Mzigo wako umefika kutoka Ulaya, bomba refu limejaa stempu. Nimempa dereva wa lori anayeleta bidhaa Mbeya, mfuate.

Nilikimbia. Siyo maneno ya kupamba, nilishuka mlima ule mbio mpaka mjini. Dereva nikampata Mwanjelwa. Msifikirie Mwanjelwa hii ya leo, ilikuwa vibanda na matope. Nikamuuliza mzigo wangu, akanitazama kama mtu anayetafuta jina la mtoto wa jirani.

Kisha akakumbuka. Lori lilikwama kwenye matope upande wa Ubaruku, alikokwenda kupakia mchele. Ilibidi washushe kila kitu ili walinasue. Vitu vikahifadhiwa kwenye ghala la mwenye mashine ya kukoboa. Waliporudisha mizigo, bomba halikupanda. Alisema pole. Ilikuwa imepita wiki tatu.

Wiki tatu, masika, karatasi, ghala la mpunga lenye panya.

Nilipata lori la kwenda huko kesho yake. Mvua ilinyesha njia nzima. Kutoka barabara kuu nikatembea kwa miguu, maji ya majaruba ya mpunga huku na huku, matope mpaka kwenye goti.

Mwenye mashine alikuwa Mbaluchi, mzaliwa wa Usangu, aliitwa Mzee Nurdini. Watu wa huku wanajua, Wabaluchi wako Usangu tangu zamani na mpunga ndiyo kazi yao. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Nikamwuliza kuhusu bomba. Akasema ah, yale matangazo, mbona yapo.

Nikapumua.

Akanipeleka nyuma ya ghala, kwenye baraza pana lenye ukuta wa udongo uliosawazishwa na kupakwa chokaa. Mabango tisa. Yote yamebandikwa ukutani kwa uji wa unga wa ngano.

Nilikaa chini.

Mzee Nurdini hakuelewa kosa lake, na kwa kweli hakuwa na kosa. Bomba halikuwa na jina langu, lilikuwa na sanduku la posta tu. Alidhani ni kampuni ya mashine imemletea matangazo. Nilipomwambia hayakuwa ya kubandikwa, alinijibu kwa upole kabisa:

"Kijana wangu, tangazo lisilobandikwa ni tangazo gani?"



Nilipotulia nikaanza kuyatazama kama fundi. Karatasi ilikuwa nzito, nzuri. Nikalowesha kidole nikagusa kona ya rangi. Rangi haikutoka. Wino wa mawe yale una mafuta ndani yake, maji hayaufanyi kitu. Na uji wa ngano kila fundi wa fremu anaujua, ndio tunaogundishia karatasi ya mgongoni. Ukilowa, unaachia.

Yanaweza kutoka. Nikamwomba ruhusa.

Mzee Nurdini akasema yeye hana neno, ila nimuulize mama yake. Na hapo ndipo nilipomwona bibi mmoja mdogo sana wa mwili, amekaa kwenye kitanda cha kamba mwisho wa baraza. Bibi Hanifa. Alikuwa pale muda wote.

Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Aliniambia watu anawaona kama moshi unaopita. Mwanawe alipobandika yale makaratasi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliona kitu.

"Ile nyekundu naiona," alisema. "Asubuhi nikiamka najua kumekucha kwa sababu naiona."

Nyekundu ndilo lile bango nililoliandikia barua. Karatasi nzima nyekundu kama pilipili iliyoiva, na katikati mviringo mweusi usiofungika.

Bibi akauliza picha zile ni za nini hasa. Nikamwongoza mpaka ukutani nikaanza kumweleza moja moja, nikimshika mkono na kuupitisha kwenye mistari. Hapa kuna umbo la njano limeinama kama mtu anayepanda mpunga. Hapa kuna mistari miwili, ukiitazama sana inakuwa ndege. Nikamweleza habari za mawe. Nikamweleza habari za mkate wa kijivu na njaa ya rangi. Hiyo aliielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa. Alisema, "Hata mimi nimekaa kwenye kijivu."

Nikagundua kitu, wakuu. Maneno niliyokosa kwa Baba yalikuwa yanatoka.

Alipotosheka akasema nichukue yote, ila jekundu nimwachie mpaka afe. Nikakubali. Sitawadanganya kwamba nilikubali kwa moyo mweupe, moyo uliuma. Lakini nilikubali.

Nisiwaweke roho juu kuhusu hilo. Bibi aliishi miaka mingine kadhaa, akafariki. Mzee Nurdini hakuthubutu kulibandua. Alikata ukuta. Alichonga ule udongo na chokaa yake kuzunguka bango, akauleta Iringa kwenye lori ukiwa umefungwa magunia ya mchele. Uzito wake ulihitaji watu wawili.

Turudi barazani. Kazi ya kubandua ilichukua siku mbili na nusu. Unalowesha magunia, unayakamua, unayaegemeza ukutani juu ya bango, unasubiri. Kisha unaingiza ubao mwembamba kutoka kona ya juu na kushuka, kidogo kidogo, huku unapumua kwa adabu. Mzee Nurdini alinipa marobota ya amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, nilaze mabango katikati, halafu juu tukaweka magunia ya mchele yayabane yakauke yamenyooka.

Moja lilichanika katikati kabisa. La mistari ya kijani. Nilihema, nikaendelea.

Manane yakatoka. Ndani ya bomba kulikuwa pia na kadi, Mzee Nurdini aliitunza kwenye sanduku lake la karatasi za serikali. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu: tunakutumia yaliyobaki kwenye rafu, tuambie kama yamefika.

Nilirudi Mbeya na manane yangu yamezungushwa amerikani. Pamoja na manne ya Iringa, kumi na mawili.

Sasa nikawa na wazo ambalo leo nikilifikiria naona lilikuwa la kichaa. Kumweleza Baba jikoni nilishindwa. Basi nitafanya wanavyofanya wao wa Paris. Nitafanya maonyesho.

Mjini kulikuwa na ukumbi wa jamii, tukiuita welfare, uliotumika kwa mikutano na dansi. Msimamizi wake alikuwa mwalimu aliyenifundisha misheni, akanipa Jumamosi moja bure, akisema hata kama hatakuja mtu, kuta zitapumzika na vumbi. Nikamwandikia Mzee Athumani. Akaja mwenyewe kutoka Iringa, na manne yangu na mzigo wa vipande vya mbao za mninga, akasema hawezi kukubali kazi itoke kwenye duka lake bila fremu. Tulichonga siku nne.

Baba akashuka mlimani siku ya Ijumaa. Mama ndiye aliyemshawishi. Akakaa kwenye benchi ukumbini akinitazama nikitundika. Nikiwa natundika nikawa nazungumza, siyo naye hasa, nazungumza tu kama nilivyozungumza na Bibi Hanifa. Mawe. Vita. Kijivu. Rangi moja baada ya nyingine.

Aliuliza swali moja tu: jiwe la kwanza linakuwa la rangi gani. Nikamwambia mara nyingi ile nyepesi, kisha nzito zinafuata juu yake.

Jumamosi nilitegemea watu ishirini.

Wakuu, walijaa. Soko lilikuwa siku hiyo, watu wakasikia kuna picha za Ulaya bure. Walikuja akina mama na vikapu vya viazi wakaviacha mlangoni. Walikuja wafanyabiashara wa kanzu na kofia. Walikuja watu wa Mbalizi kwa miguu. Walimu, makarani, wapagazi. Wakawa wanaingia kwa kelele, wakifika katikati ya ukumbi wanaanza kuonyeshana kwa vidole.

Kulikuwa na karani mmoja mtanashati, sitamtaja. Akasimama mbele ya bango la njano, akasema kwa sauti kwamba hata mtoto wake anachora hivyo kwa mkaa. Watu wakacheka. Nikafungua mdomo kujibu, na kama kawaida hakikutoka kitu.

Baba akanyanyuka kwenye benchi.

Alikwenda mpaka kwenye lile bango, polepole, na fimbo yake. Akaonyesha kwa ncha bila kuligusa. Akazungumza kwa Kiswahili chake cha milimani ambacho alikuwa anakitumia sokoni tu.

"Hii ni mawe matano. Kwanza jiwe la njano. Halafu hili la kijivu, halafu jekundu, buluu, mwisho jeusi. Karatasi imepita yote matano na haijasogea hata unywele. Wewe shamba lako unapanda mstari, unasogea. Huyu hakusogea." Akamgeukia yule karani. "Mtoto wako alete jiwe moja, tumuone."

Ukumbi ulilipuka. Yule karani naye akacheka, akampa Baba mkono. Lakini mimi nilikuwa natazama uso wa Baba, maana hakuwa anacheka. Alikuwa bado anatazama lile bango.

Alizunguka yote kumi na mawili siku hiyo akiwaeleza watu. Mzee wa kanisa, mkulima wa pareto. Mengine alikosea, mawe akaongeza au akapunguza, sikumsahihisha. Mwalimu akatupiga picha yeye na mimi na Mzee Athumani katikati ya ukumbi. Ile picha niliituma Paris nikiwajulisha kwamba yamefika.

Jibu lao lilikuwa bomba lingine. Na mwaka uliofuata jingine. Yaliendelea kuja mpaka nyumba ile ilipofungwa, Uhuru ukiwa umeshapatikana. Hivyo ndivyo collection yangu ilivyopita mia.

Jioni ya Jumamosi ile tulipanda mlima pamoja na Baba. Tukafika kwenye mpaka wa shamba lake, pareto imechanua nyeupe chini mpaka kwenye kijito. Akasimama.

"Shamba atalima Anyosisye," akasema. "Wewe nenda kwenye mbao zako."

Basi.

Nilichojifunza, wakuu, na siyo kwamba mimi ni mwenye hekima kuliko ninyi. Kitu unachokipenda usikifungie chumbani ukalalamika kwamba watu hawakielewi. Kitoe, kitundike, kieleze hata kama unababaika. Mimi nilimdhania baba yangu hana macho ya vile vitu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sina mdomo. Na kama kuna anwani chini ya karatasi, andika barua. Ubaya wake ni stempu tu.

Yule jamaa wa mkaa, kama unasoma, njoo inbox, nina la kukuonyesha.

Na ninyi wengine nendeni mkafungue masanduku ya babu na bibi zenu kabla hayajachomwa. Mkikuta karatasi yoyote ya ajabu, wekeni picha hapa chini tuitazame pamoja. Maswali pia nakaribisha, ya kubandua, ya fremu, ya Iringa ya zamani. Nitajibu, ila taratibu, kidole ni kimoja.